Mwalimu wa Kiswahili Aliyefia Sachsenhausen: Mahjub bin Adam na Kumbukumbu ya Rika Lake

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefahamika Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu yake imehifadhiwa na ofisi zilizomkataa, filamu zilizomtumia na polisi waliomkamata, ilhali sauti ya watu wa rika lake wa pwani ya Afrika Mashariki haimo. Makala yanapendekeza kuwa taaluma ya Kiswahili inao wajibu wa kumrejesha katika historia yake yenyewe, bila kuficha utumishi wake kwa ukoloni na bila kuchanganya msiba wake na msiba wa Wayahudi wa Ulaya.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi yanayohusu Holokausti, yaani mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani na washirika wao, rafiki wa utotoni ana nafasi ya pekee. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hannah Goslar, aliyekua pamoja na Anne Frank mjini Amsterdam. Mapema mwaka 1945 wasichana hao wawili walisikilizana kwa sauti tu, kila mmoja akiwa upande wake wa uzio, katika kambi ya Bergen-Belsen. Hannah alimrushia mwenzake furushi la chakula, likanyakuliwa na mfungwa mwingine. Siku nyingine akarusha la pili, likamfikia. Anne alikufa muda mfupi baadaye. Hannah aliishi mpaka mwaka 2022, na kwa miongo mingi aliendelea kusimulia, si habari za mwandishi mashuhuri, bali za mtoto aliyecheza naye.

Ushahidi wa namna hiyo haubadilishwi na nyaraka. Jalada la polisi huandika kosa na tarehe. Orodha ya kambi huandika namba. Rafiki wa utotoni ndiye ajuaye jina la utani, mchezo uliopendwa, woga wa mtoto na kicheko chake. Kwa maneno mengine, ndiye amjuaye marehemu kabla hajageuzwa kuwa kisa.

Makala haya yanauliza nini hutokea mtu anapopotelea katika mfumo uleule wa kambi, na rika lake lote likabaki mbali, ng'ambo ya bahari, bila kupata fursa ya kumsemea. Mtu tunayemzungumzia alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Wajerumani wamemwandikia wasifu: kitabu cha Marianne Bechhaus-Gerst kilitoka mwaka 2007, na mwaka huohuo jiwe la ukumbusho lenye jina lake likawekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mtaani Brunnenstraße, Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu ya hali halisi kuhusu maisha yake. Katika Kiswahili, lugha aliyoifundisha kwa takriban miaka kumi, bado hajapata nafasi inayolingana na hayo.

2.0 Barabara Mbili Zielekeazo Berlin

Anayetoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea kusini hupita Temeke kwa Barabara ya Kilwa, akaiacha Mtoni na Mbagala, na hatimaye hufika Lindi. Anayeelekea kaskazini hupita Kinondoni kwa Barabara ya Bagamoyo. Kwa mwanahistoria wa Kiswahili, barabara hizo mbili zinaelekea pia Berlin, kwa kuwa zinawakumbusha walimu wawili wa lugha hii waliofia Ujerumani.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wanafunzi wetu wanamjua kwa kitabu cha desturi za Waswahili kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Alifundisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1887 kwa madhumuni, miongoni mwa mengine, ya kuwaandaa maofisa wa makoloni. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Walipofika Dar es Salaam mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilimzuia asishuke pwani akiwa na mke wake mzungu, ikawabidi warudi Ujerumani. Mtoro alifariki huko mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Mahjub aliwasili katika mji huohuo.

Kisa cha Mtoro kinatufundisha jambo ambalo husahaulika tunapozungumzia sheria za Kinazi: marufuku ya ndoa kati ya mweusi na mzungu haikuzuka Ujerumani mwaka 1935. Ilikwisha kujaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam miaka 30 kabla, kwa amri ya watawala na kwa shinikizo la walowezi, na aliyeipata adha hiyo alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Haifuati kwamba ukoloni na Unazi ni kitu kimoja. Inafuata kwamba mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 alizaliwa ndani ya utaratibu uliokuwa umeanza kuwapanga watu kwa rangi hata katika mambo ya nyumbani kwao.

3.0 Mwana wa Efendi

Baba yake Mahjub, Adam Mohamed, alikuwa askari mwenye asili ya Sudani, na alifikia cheo cha efendi. Historia ya watu wa aina yake yaanza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipoajiri wanajeshi wa Kisudani nchini Misri ili kuwapiga wapwani waliokuwa wakiongozwa na Abushiri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Askari walibaki, wakaoa, wakapata watoto, na watoto hao wakakua wakisema Kiswahili.

Lugha imehifadhi alama ya wageni hao vizuri kuliko vitabu vya shule. Neno efendi, lililopita kutoka Kituruki na Kiarabu cha Misri mpaka kambini kwa askari, ndilo asili ya neno afande litumiwalo leo katika kila kituo cha polisi, kiwe cha Chang'ombe au cha Oysterbay. Wanaolitamka hawana haja ya kukumbuka kwamba cheo hicho kiliwahi kuwa kilele ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi la Mjerumani, wala kwamba mwana wa mmoja wa maefendi hao aliuawa na dola ambayo baba yake aliitumikia.

Utoto wa Mahjub uliipitia Lindi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa bado mtoto, alikwisha kujua Kijerumani na kufanya kazi ya ukarani huko. Tukitaja Lindi ya miaka hiyo hatuna budi kutaja Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo wanahistoria hukadiria kuwa viliua watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa na jeshi kuchoma mashamba na maghala. Lindi ndiko alikoishi Abdul Karim bin Jamaliddini, mtunzi wa utenzi mashuhuri wa vita hivyo. Kwa hiyo watoto ambao Mahjub angeweza kucheza nao hawakuwa na kumbukumbu moja. Mmoja alikuwa mwana wa efendi; mwingine huenda alikuwa na babu aliyekufa kwa njaa iliyoletwa na jeshi la maefendi. Walisema lugha moja, wakachezea vumbi moja, lakini nyumbani kila mmoja alisimuliwa vita tofauti.

Vita vilipozuka mwaka 1914, baba na mwana waliingia jeshini pamoja. Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliwekwa miongoni mwa watoto waliofunzwa kupeleka ishara. Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, si mbali na Lindi, alijeruhiwa, kisha akachukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Istilahi ya leo humwita mtoto wa namna hiyo askari mtoto, na sheria ya kimataifa ya sasa ingemhesabu kuwa mwathirika. Katika nyaraka za wakati wake alihesabiwa kuwa askari anayedai mshahara.

Dai hilo ndilo lililoamua mkondo wa maisha yake yaliyobaki. Baada ya vita alifanya kazi melini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizosafiri Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai malimbikizo ya mshahara wa kijeshi, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa. Hakurudi.

4.0 Mwalimu, Mhudumu, Mwigizaji

Mjini Berlin Mahjub aliishi kwa kuunganisha kazi tatu. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, Potsdamer Platz. Kuanzia mwaka 1931 alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, katika mazingira ya kitaaluma yaliyotawaliwa na Diedrich Westermann. Na kuanzia mwaka 1934 aliigiza katika filamu zaidi ya ishirini, aghalabu kama mtumishi, mpagazi au askari. Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner. Watoto wake hawakuwahi kufika utu uzima.

Kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili, kazi ya pili ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Katika mfumo wa chuo kile, mzawa wa lugha hakuwa mwalimu kamili. Aliajiriwa atoe matamshi sahihi, asomeshe mazungumzo, na ajibu maswali ambayo profesa hakuweza kuyajibu; profesa ndiye aliyeandika sarufi. Mgawanyo huo wa kazi ulimgusa Mtoro, na ulimgusa Mahjub pia. Tofauti ni kwamba Mtoro aliacha maandishi yaliyochapishwa, nasi tukapata njia ya kumnukuu. Mahjub aliacha wanafunzi, na wanafunzi hao walikuwa maofisa na watu wa usalama walioandaliwa kwa ajili ya siku ambayo Ujerumani ingerudishiwa makoloni yake. Kazi aliyoifanya ilipotea pamoja na ndoto ile, na ni vyema kwamba ndoto ile ilipotea. Hata hivyo ilikuwa kazi ya ualimu wa Kiswahili, na historia ya ualimu huo haikamiliki bila yeye.

Yapo maelezo mengine ya kufikirisha. Mwaka 1933 utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji ulichapishwa katika jarida la chuo kilekile alikofundisha Mahjub. Hivyo habari za Lindi, zilizotungwa na mtu wa Lindi, zilipita katika matbaa ya taasisi iliyokuwa na mtu mwingine wa Lindi darasani. Utenzi uliingia katika orodha ya fasihi ya Kiswahili, na baadaye ukachapishwa upya Afrika Mashariki. Mtu hakuingia.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima iliyotolewa kwa waliopigana mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza. Alinyimwa. Akajinunulia nishani dukani, akaivaa. Kitendo hiki kinaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mmoja ataona mtu aliyemezwa na ukoloni hata akapenda alama za waliomdhulumu. Mwingine ataona mtu aliyesoma mkataba wake na dola kwa makini kuliko dola yenyewe: nilipigana, nilijeruhiwa, basi nilipwe na nitambuliwe. Namna zote mbili zina ukweli, na hakuna haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

5.0 Kukamatwa na Kufa

Sheria za Nürnberg za Septemba 1935 zilikataza ndoa na uhusiano wa kimapenzi kati ya Wayahudi na waliohesabiwa kuwa na damu ya Kijerumani. Kabla mwaka haujaisha, marufuku hiyo ilipanuliwa kwa watu weusi na Waroma. Mwaka 1937 mamia ya vijana wa Rheinland waliozaliwa na mama Wajerumani na baba wanajeshi Waafrika wa jeshi la Ufaransa walifungwa uzazi kwa siri. Watu weusi wa Ujerumani hawakuwekewa mpango mmoja wa kuangamizwa kama uliowekwa kwa Wayahudi, lakini walikuwa nje ya ulinzi wa sheria, na kila ofisi ndogo iliweza kuwafanyia ilivyotaka.

Filamu mojawapo ya mwisho aliyoigiza Mahjub ilikuwa ile ya mwaka 1941 inayomtukuza Carl Peters, chini ya mwongozaji Herbert Selpin. Mahjub aliigiza Ramasan, kiongozi wa msafara wa Peters. Wasomaji wa Tanzania wanamjua Peters kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1891 na 1892, akiwa mwakilishi wa dola ya Kijerumani huko Kilimanjaro, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodja aliyekuwa amemweka kinyumba. Kashfa hiyo ilimfukuzisha kazi mwaka 1897. Wanazi ndio waliomsafishia jina. Wakati huohuo wa kuigiza filamu ile, Mahjub alianza uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Agosti 1941 Gestapo walimkamata kwa kosa waliloliita kuitia mbari aibu. Mzungu aliyewaua wawili kwa wivu wa nyumbani alijengewa sanamu ya sinema. Mweusi aliyesaidia kuijenga sanamu hiyo akapelekwa kambini kwa sababu ya mapenzi.

Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi iliyofunguliwa mwaka 1936 karibu na Oranienburg, kaskazini mwa Berlin. Mpaka ilipokombolewa Aprili 1945, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamefungwa humo. Mahjub aliishi humo zaidi ya miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

Mwaka huohuo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliovalia sare za KAR walikuwa wakipigana Burma. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na hivyo kuwa karibu sana na rika la Mahjub, aliitungia Vita Kuu ya Pili utenzi mrefu uitwao Utenzi wa Vita vya Uhuru. Hivyo Kiswahili kilikuwepo katika pande zote za vita vile: katika handaki la askari wa KAR, katika kalamu ya mshairi wa Tanga, na katika kinywa cha mtu mmoja nyuma ya waya wa Sachsenhausen. Sehemu mbili za kwanza tumezifanyia utafiti.

6.0 Suala la Maneno

Ni istilahi gani ya Kiswahili inayofaa kuelezea kifo hiki? Swali hili si la kiufundi tu, kwa sababu neno huamua nani ahesabiwe na wapi.

Tanzania ina uzoefu wa kipekee katika uwanja huu. Mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za Rwanda ilikaa Arusha mpaka mwaka 2015, na kutokana na habari zake wasikilizaji wa redio walizoea istilahi ya mauaji ya kimbari. Neno mbari, ambalo asili yake ni ukoo au watu wa nasaba moja, lilipanuliwa libebe dhana pana zaidi. Kwa Wayahudi wa Ulaya istilahi hiyo ni sahihi. Kwa Mahjub peke yake inahitaji uangalifu: aliuawa kwa itikadi ya mbari, lakini si kama sehemu ya mpango wa kuwamaliza wote wa asili yake. Kwa upande mwingine, maneno maangamizi na maafa yamechukuliwa na wanazuoni weusi wa Marekani kuelezea biashara ya utumwa na yaliyofuata. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuzungumzia Holokausti hukuta maneno yake mwenyewe yamekwisha kupewa kazi nyingine ng'ambo.

Makala haya yanapendekeza utaratibu rahisi. Holokausti libaki jina la msiba wa Wayahudi, kama jina la pekee la tukio la pekee. Mauaji ya kimbari liwe istilahi ya aina ya jinai. Kwa watu kama Mahjub tuseme waliouawa katika kambi za Wanazi, tukieleza sababu. Usahihi huu hauwapunguzii hadhi. Anayemwingiza Mahjub katika Holokausti bila maelezo humnyima kisa chake, na pia huwanyima Wayahudi chao.

Kuna maneno mengine matatu yanayostahili kutajwa. Jina Mahjub ni la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na neno letu hijabu; maana yake ni aliyefichwa, aliyewekewa pazia. Mahabusu, neno tulilolizoea kwa mtu aliyezuiliwa kabla ya kuhukumiwa, lina umbo hilohilo la kutendwa katika Kiarabu. Marehemu vilevile: aliyerehemewa. Mahjub hakuwa mfungwa kwa maana kamili ya Kiswahili, kwa kuwa mfungwa amehukumiwa. Alikuwa mahabusu kwa miaka mitatu na zaidi, akafa bila kuusikia ushahidi dhidi yake. Lugha yake ya utotoni ilikuwa na neno halisi la hali yake. Sheria ya nchi alimokufa haikuwa nalo.

Hata jina lake lilipitia mageuzi. Mahjub bin Adam Mohamed ni mnyororo wa nasaba: kila anayeutamka humtaja na baba. Mohamed Husen wa Berlin ni jina lililokatwa ili lienee katika fomu yenye nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo. Jalada linatupa jina la pili. Rafiki wa utotoni angemwita kwa la kwanza, au kwa kifupi chake tusichokijua.

7.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba huyu alikuwa kibaraka. Alivaa sare ya mkoloni, akafundisha lugha yetu kwa waliotaka kuturudia, akaigiza katika filamu iliyomtukuza muuaji wa Kilimanjaro. Kwa nini nchi iliyowazika mashujaa wa Maji Maji impe nafasi?

Jibu si kumtakasa. Jibu ni kwamba kukumbuka si kutunuku. Dar es Salaam yenyewe imejengwa juu ya kumbukumbu zenye utata. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, inawaenzi Waafrika waliopigana kwa ajili ya Waingereza, na maandishi yake yamo pia katika Kiswahili. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyohivyo. Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo yana majina yaliyochongwa kwa unadhifu, ilhali maelfu kwa maelfu ya wapagazi hawakuandikwa majina popote, jambo ambalo tume inayoyasimamia ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021. Hakuna mtu anayependekeza Kariakoo ibadilishwe jina kwa kuwa wapagazi walimtumikia mkoloni. Mtoto wa miaka kumi aliyevishwa sare na baba yake hastahili hukumu kali kuliko hao.

Pingamizi la pili ni kwamba Wajerumani wameshamkumbuka, na hilo latosha. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo inamkumbuka kama Mwafrika wa Ujerumani, na swali linaloiongoza ni Ujerumani ilimtendea nini. Swali letu ni jingine: alitoka kwa nani? Ni Kiswahili gani alichokisema, cha kambini kwa askari, cha Lindi, au cha melini? Nani walimngojea alipoondoka mwaka 1929, na habari ya kifo chake, kama ilifika, ilifikaje? Maswali hayo hayawezi kujibiwa Berlin.

8.0 Kazi Iliyo Mbele

Aliyecheza na Mahjub utotoni hawezi kuwa hai leo. Nafasi ya Hannah Goslar haitajazwa. Lakini kumbukumbu ya rika haifi siku moja na rika lenyewe. Huendelea katika majina ya wajukuu, katika methali za ukoo, katika picha iliyo ukutani ambayo watoto huulizia. Katika kata za Temeke zilizo kando ya Barabara ya Kilwa zimo kaya nyingi zenye asili ya Lindi na Mtwara, na miongoni mwa Waswahili wa mji wamo wenye nasaba ya askari wa Kisudani. Wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wale wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe, wana uwanja wa utafiti unaofikika kwa daladala. Kazi tatu zinawezekana mara moja: kukusanya masimulizi ya familia za askari yanayohusu vita na safari za melini, kuchunguza msamiati wa kijeshi wenye asili ya Sudani katika Kiswahili cha kizazi cha wazee, na kutafsiri kwa Kiswahili barua na nyaraka za Mahjub zilizohifadhiwa Ujerumani.

Kazi ya nne ni ya mitaala. Kozi za historia ya Kiswahili hutaja Velten, Krapf, Steere na Meinhof. Hazina budi kuwataja pia wazawa waliokaa upande wa pili wa meza, kuanzia Mtoro mpaka Mahjub. Leo Kinondoni, Msasani na Mikocheni wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuwafundisha wageni Kiswahili, mara nyingi bila mkataba na bila cheo, huku kitabu cha sarufi kikiwa na jina la mtu mwingine. Wanastahili kujua kwamba ualimu wao una historia, na kwamba historia hiyo ina mtu aliyeilipia kwa uhai wake.

9.0 Hitimisho

Katika desturi za pwani, marehemu hukumbukwa kwa hitima: watu hukusanyika, humsomea, humtaja kwa jina lake na la baba yake, kisha hula pamoja. Masharti yake ni mawili tu, kujulikana jina na kuwepo watu. Hakuna anayeulizwa kwanza kama marehemu alikuwa shujaa. Taaluma haisomi hitima, lakini inaweza kutimiza masharti hayohayo kwa njia zake. Jina tunalo: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwalimu wa Kiswahili. Wanaopungua ni watu wa kukusanyika.